Shungi la Ipui

Sijapata kumwona mtu mzima akimpaka mtoto wanja kwa upole kama kaka yangu Pashedu alivyompaka Ipui siku ile, na kila nikiukumbuka upole wenyewe natamani nimtie mchanga kinywani. Alimshika kidevu kwa vidole, akamwambia atazame juu, akapitisha kijiti taratibu kwenye kope, huku akimwita "mwanaume wangu." Mtoto alikuwa hajiwezi kwa furaha. Na meno yake ya mbele ndiyo kwanza yalikuwa yanaota upya.

Ipui ni mtoto wa mdogo wetu, ambaye sasa ni marehemu. Mama yake, wifi yangu Wabet, alibaki naye humo humo uani mwetu, upande wa tanuri. Pashedu, mkubwa wetu, anakaa upande wenye kivuli, yeye na mkewe Iyi na kijana wao Kenna. Mimi Tanofre, mjane, msusi wa nywele wa mtaa mzima, nimesukumwa huko nyuma kwenye mabata. Sote tunatoka na kuingia kwa lango moja. Hilo lango moja ndilo lililotuponza.

Kwetu mtoto wa kiume hunyolewa kichwa chote akaachiwa shungi moja la kusuka, linaning'inia juu ya sikio. Maadamu lipo, huyo ni mtoto: akivunja mtungi huchapwa na mama yake, yakaisha. Likikatwa, ni mwanaume, na kila mzigo unaobebwa na wanaume ni halali yake. Ndiyo maana mama hana haraka. Shungi la Ipui nilikuwa nalisuka mwenyewe tangu angali ananyonya. Lilikuwa jeusi, zito, limefika begani, na kila nikimaliza anakimbia huku analirusha makusudi limpige rafiki yake usoni.

Wabet alikataa mwanzoni. Alisema mtoto bado, subirini mwaka upite, mafuriko mengine ya mto yaje. Pashedu akamvisha kilemba cha ukoka. Akamwambia yeye ni mtu mzima, anasikia mifupa inamwita, hataki afe amwache mtoto wa marehemu hana wa kumvusha utotoni. Akamsifu kijana, akamsifu na mzazi aliyemlea peke yake bila kuombaomba. Nionyesheni mama asiyelainika hapo. Wabet akalia, akakubali, akakanda mikate ya asali. Mimi nikapiga vigelegele kama wengine, maana jambo la heri halina kelele mbaya.

Kinyozi akaja na wembe wake wa shaba, akakaa chini ya mkuyu, akalikata. Pashedu akampa Ipui nguo nyeupe ya kiunoni na kikopo chake mwenyewe cha wanja. Nikanyoosha mkono nipokee shungi nimpe mama yake alipeleke kwa Hathor, mungu mama wa watoto, kama inavyopasa. Iyi akawahi. Akalifunga kwenye kitambaa, akasema mumewe atalipeleka mwenyewe, yeye ndiye mkubwa wa nyumba. Nikauliza Kenna yuko wapi, mbona hayupo kwenye shangwe ya ndugu yake. Iyi akasema ana homa.

Homa, eti.

Habari zikatufikia kule mtoni, tunafua. Mke wa mvuvi alikuwa amezipata kutoka mji mkuu, Waset: wanatafutwa watu wa kwenda machimboni, jangwani kule, kukokota mawe ya hekalu jipya. Kila lango litoe mwanaume mmoja, na karani wa mfalme anakuja kuwaandika. Wanawake wote wakaacha kufua. Kila mmoja akaanza kutaja walio kwake, huyu mgonjwa, huyu mzee, huyu keshakwenda safari iliyopita. Wabet akawa anatabasamu kidogo, masikini, anasema kwetu ataenda Kenna, tumwombee. Na mimi pale pale, nguo mkononi, nikaanza kuwahesabu wa kwetu. Pashedu haendi, hilo halina mjadala. Yeye ni mtu wa hekalu, ananyoa kichwa, kifua na nyusi, na aliyenyolewa kwa ajili ya mungu hagusi kamba ya jiwe. Amebaki Kenna. Na nani mwingine? Na mwanaume mpya mwenye mapengo.

Machimbo nayajua. Mume wangu alikwenda akiwa na mabega mapana kama mlango. Waliorudi wakaniletea kiatu chake kimoja, wakaniambia kiu. Basi. Neno moja tu la kumalizia mtu mzima mwenye nguvu zake. Ipui angefika wapi? Asingefika hata penye kisima cha kwanza.

Niliondoka mtoni na maji yananichuruzika. Sikubisha hodi kwa kaka yangu. Nilimkuta anajisugua magadi mikononi, anajitakasa kwa ajili ya zamu yake hekaluni. Nikamuuliza kama alijua. Hakujitia hamnazo hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alisema alijua tangu mwezi uliopita, rafiki yake wa hekaluni alimnong'oneza.

"Sasa unalia nini," akaniambia, "mtoto amekuwa mwanaume. Si wewe uliyepiga vigelegele?"

"Na Kenna?"

"Kenna bado mtoto."

Nikadhani nimesikia vibaya. Nikasukuma mlango wa ndani. Kenna alikuwa ameketi mkekani na magoti yake makubwa, mtu anayemharibia kinyozi wembe kwa ndevu, mtu ambaye binti wa mfinyanzi hulala hasinzii kwa ajili yake. Kichwa chote wamemnyoa. Na juu ya sikio la kulia wamembandika shungi kwa nta. Lilikuwa jeusi, zito, limesukwa kwa mkono wangu. Nywele za yatima. Hakuthubutu kuniangalia.

Nilicheka. Mtu akikasirika sana hucheka, mwili haujui ufanye nini. Nikamwambia Pashedu kwamba hata punda wa mtaa huu ataona kwamba lile si toto. Akanijibu kwa sauti ile ile ya upole, kwamba karani hatazami magoti, anatazama kichwa. Ndivyo ilivyo desturi, shungi ni shungi. Na tena karani amekwisha kula bata wetu wanono, amesema haoni tatizo. Bata wangu! Ndio niliokuwa nikiwalisha kwa mkono, nikashangaa kibandani pametulia.

"Pashedu," nikamwambia, "huyo ni damu ya mdogo wako."

"Na huyu ni wangu. Wewe hukuzaa, dada. Usinifundishe."

Hilo nimelibeba mpaka leo. Namwambia kila mtu alilolisema, na nitazidi kulisema mpaka nifike mbele ya mizani ya wafu.

Nikamwendea mkuu wa kijiji. Alinisikiliza huku anang'oa nywele za puani kwa koleo lake dogo, akasema kumvusha mtoto ni haki ya mkubwa wa nyumba, na mama alikubali, na mikate ililiwa, hata yeye alikula. Nikamwambia na shungi la bandia je? Akasema hajaliona. Nikamwambia twende ukalione. Akasema goti linamuuma. Nikaenda kwa kinyozi, naye akaniambia yeye ni mtu wa kutembea nyumba hadi nyumba, hana ugomvi na mtu, wembe wake unakwenda anakoitwa. Wanaume wa mtaa nao wakawa na huruma nyingi na maneno machache. Mwenzako akinyolewa zako tia maji: kila mmoja alikuwa anatia maji zake. Hakuna aliyetaka karani ageuke amtazame yeye.

Wabet nilipomweleza hakulia. Alimchukua Ipui, akampakata, mtoto akiwa na miguu inayoning'inia mpaka chini, akaanza kumpapasa pale palipokuwa na shungi. Ipui akamwuliza kama kule jangwani kuna simba, maana Baba Mkubwa alimwambia mwanaume haogopi simba. Nikatoka nje nisije nikavunja kitu.

Asubuhi ya siku karani aliyotazamiwa kufika, nilishuka mtoni peke yangu kabla ya jua kukaza. Nilikuwa nimesuka nywele zangu vizuri, kazi yangu ni kusuka, siwezi kutembea hovyo. Nikazifumua. Zote, mpaka zikanifunika uso. Nikachota tope, nikajipaka kichwani na mashavuni, nikaishusha nguo yangu mpaka kiunoni, nikaifunga. Nikapanda njia kuu hivyo hivyo, watu wananipisha. Nikafika mlangoni kwa Pashedu, nikajipiga kifua, nikaanza kulia.

"Kenna, ewe Kenna wa Iyi. Umekwenda Magharibi mapema, Kenna. Kijana mzuri, kifua kipana, nani atatubebea ngano."

Kwetu mwanamke hapiti penye kilio akanyamaza. Hata kama anamchukia aliyekufa, hata kama ana mkate motoni, atasimama, atafumua nywele, ataongeza sauti yake, maana asiyelia na wenzake atakuja kulia peke yake. Mke wa mvuvi akaja mbio ananiuliza lini, amekufa kwa ugonjwa gani. Nikamwambia kijana mwanaume wa nyumba hii hayupo tena, wanasema wenyewe. Akafumua nywele. Akaja mama wa mfinyanzi. Akaja na yule binti wa mfinyanzi, huyo alilia kikweli mpaka nikamwonea huruma, lakini sikuacha. Wabet akatoka upande wake, akanitazama, akaelewa. Akachota vumbi akajimwagia. Mtaa ukajaa matope na nywele, na kila mdomo unaita Kenna.

Si mzaha jambo hilo. Jina likiitwa kwa kilio, huko Magharibi kwa wafu wanasikia, wanaanza kumtengenezea mahali. Mtu aliye hai hafanyiwi hivyo. Nilijua. Ndiyo maana nikalia kwa nguvu zaidi.

Pashedu akatoka, kichwa kinang'aa, nyusi hana. "Tanofre, nyamaza. Unamwitia kifo mwanangu."

"Mwanao yupi?" nikamwuliza. "Una mtoto mdogo mwenye shungi, Hathor amkuze. Mimi namlilia mpwa wangu, mwanaume. Alikuwa na ndevu. Alicheza ngoma kwenye mavuno, wote hawa walimwona. Nionyeshe alipo ninyamaze."

Ndani nikamsikia Iyi anasema basi, basi, mwambieni basi.

Karani akafika katika hali hiyo. Alikuwa na askari wake wenye fimbo, na kijana wa kumshikia mwavuli, na wigi lenye mafuta yanayomtiririkia shingoni. Akauliza amekufa nani. Wanawake wakamjibu pamoja: Kenna, mtoto wa Pashedu. Akamgeukia kaka yangu. Akasema, na alisema kwa uangalifu sana, kwamba alivyoelezwa yeye Kenna ni mtoto wa shungi. Mama wa mfinyanzi, ambaye mdomo wake haujawahi kulala njaa, akamwambia mtoto gani, bwana, huyo alikuwa anataka kumwoa mjukuu wangu, tulishaanza hata kugombania mahari. Watu wengine wakacheka katikati ya kilio, kisha wakaendelea kulia.

Karani aliyekula bata anaweza kuwa kipofu mbele ya mtu mmoja. Mbele ya mtaa mzima hawezi, maana kesho nao watasema huko Waset. Nikamwona anapiga hesabu zake. Mwisho akamwambia Pashedu kwamba vizuri, hapa mtaa wote unashuhudia kwamba kijana Kenna amefariki, basi ataandikwa marehemu. Fungu lake la ngano litakatwa. Shamba halitarithiwa kwa jina lake. Na lango hili litatoa yule mwingine. Akachovya kalamu.

"Mwandike," nikasema. "Mwandike amekufa, na sisi tutamlilia mpaka jua lizame, na kesho tena, na kila jina lake litakapotajwa."

Nikainua mikono niendelee. Wenzangu wakainua yao.

Hapo Iyi akatoka. Sikuwahi kumpenda Iyi, wala yeye mimi. Alikuwa amemkamata Kenna mkono, anamvuta, na Kenna, mkubwa kiasi kile, anamfuata mama yake huku amejikunja apite mlangoni. Iyi akamsimamisha katikati ya mtaa. Akalishika lile shungi akalivuta, likatoka na nta na ngozi kidogo ya kichwa, akalitupa chini.

"Mwanangu yu hai," akasema. "Mtazameni. Mtu mzima huyu. Mwanaume. Yu hai, nyamazeni. Nawaomba mnyamaze."

Tukanyamaza.

Damu ilikuwa inamshuka Kenna sikioni. Karani akamtazama mabega, akafuta alichoandika kwa kidole chenye mate, akaandika upya. Lango moja, mwanaume mmoja. Akamwambia ajifunge nguo, mashua inangoja. Pashedu akaanza kumnong'oneza juu ya bata, karani akamgeuzia kisogo, akasema hajui anazungumzia nini.

Ipui alikuwa amesimama mlangoni kwao na wanja wake umemtapakaa usoni. Wabet akamvuta ndani, akafunga. Nilitegemea nifurahi. Nilikuwa nimeshinda, si ndiyo? Niliosha uso mtungini, na hasira ilikuwa pale pale, haijapungua hata tone.

Kenna akaja kwangu nyuma, kwenye mabanda matupu. Alikuwa na kifurushi cha mikate na vitunguu. Akaomba nimpake wanja, mzito, kwa ajili ya jua na mavumbi ya huko. Alisema mama yake ameshindwa. Akakaa chini, akainua uso. Nikaona kumbe ana macho ya marehemu mdogo wangu, yale yale, na sikuwahi kuyatazama vizuri.

Nikampaka. Nikamwambia asikasirike nami, sikuwa na njia nyingine. Nikamwambia baba yake ndiye aliyeyataka. Nikasema mengi.

"Shangazi," akasema, macho amefumba, "baba alinificha, wewe ukanizika. Mbona hakuna aliyeniuliza? Ningekwenda. Ipui ni mdogo wangu. Ningekwenda mwenyewe kwa miguu yangu."

Kijiti kikaniteleza, nikamchora mpaka kwenye shavu. Nikataka kufuta. Akasema acha, akainuka, akaenda. Mashua iliondoka mapema mchana. Mimi sikushuka kuitazama, na yeyote anayesema nilishuka ni mwongo.

Jioni yake Iyi akaja. Nilidhani anakuja kupigana, nikasimama. Alikuwa amebeba kitana na kibuyu cha mafuta ya mbarika. Akaketi chini mbele yangu, akanipa mgongo, akavua kitambaa kichwani.

"Nisuke," akasema. "Zile ndogondogo za kukaza. Zikaze sana, Tanofre. Usiniachie hata unywele. Sitaki zifumuke mpaka arudi."

Nikazitia mafuta, nikazigawa. Nilizivuta mpaka nikaona machozi yanamdondokea kifuani, wala hakusema nipunguze. Wabet akaja na taa, akakaa upande wa pili, akaanza kusuka nusu yake.

Pashedu akapita uani, ametoka hekaluni, msafi, ananukia ubani. Akauliza chakula kiko wapi. Tukaendelea kusuka.